Kompresa kwenye vokali: inabana nini hasa?

Ukipeleka wimbo wako mbele ya watu wanaojifunza kumiksi, yaani kuchanganya na kusawazisha sauti za wimbo, haupiti muda kabla mmoja hajasema: "Vokali haijakaa kwenye biti, weka kompresa." Anamaanisha sauti ya mwimbaji haijakaa vizuri na muziki unaoisindikiza. Unaweka. Anakuja wa pili: "Umeibana mno, imekosa uhai." Unapunguza. Wa tatu anakutumia mipangilio yake iliyo tayari, anakuapia kwamba ndiyo anayoitumia kwa kila msanii. Unaipakia, na sauti inakuwa mbaya kuliko ilivyokuwa mwanzo. Kati ya hao watatu hakuna aliyekudanganya, ila hakuna pia aliyekueleza hicho chombo kinafanya kazi gani.

Kwanza tuondoe mkanganyiko wa jina. Kuna kubana faili, kama inavyofanywa kwenye MP3, ambapo kompyuta hutupa sehemu ya data ili faili liwe jepesi. Kompresa ya studio haina uhusiano na hilo. Wimbo wa dakika tatu unabaki na uzito uleule kwenye diski, uwe umepita kwenye kompresa au la. Kinachobanwa ni umbali kati ya pale sauti inapokuwa kubwa kabisa na pale inapokuwa ndogo kabisa. Na ninaposema kubwa na ndogo simaanishi nene na nyembamba, wala juu na chini za noti. Namaanisha nguvu tu: kelele na mnong'ono.

Sauti ya mwimbaji ni miongoni mwa vyombo vyenye umbali mrefu zaidi wa aina hiyo. Mtu yuleyule, ndani ya mstari mmoja, anaweza kuanza kwa kunong'ona na kumalizia kwa kupaza. Biti kwa kawaida haiko hivyo. Kiki (ngoma nzito ya chini), besi na sampuli za kinanda huja zikiwa zimekwisha kusawazishwa na waliozitengeneza, na hukaa pale zilipo kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Kwa hiyo mwimbaji akinong'ona anazama chini ya biti, akipaza anairuka. Ukipandisha fanda, kile kitufe cha kuteleza cha kuongeza na kupunguza sauti, ili mnong'ono usikike, kiitikio kinakukata masikio. Ukiishusha ili kiitikio kikae vizuri, ubeti unapotea. Hakuna mahali pamoja pa kuiacha fanda pakafaa wimbo mzima, na hapo ndipo kompresa inapohitajika.

Mkono juu ya kitufe

Fikiria unatazama filamu usiku na watoto wamelala chumba cha pili. Umeshika rimoti. Wahusika wanaongea kwa sauti ya kawaida, umetulia. Ghafla linatokea bomu, unapunguza haraka. Bomu likiisha unarudisha pale pale. Hiyo ndiyo kompresa, haina siri zaidi ya hapo. Ni mkono unaoshusha sauti pale tu inapozidi kiwango fulani, kisha unairudisha. Karibu vitufe vyote vinavyotisha kwenye skrini ni maswali manne kuhusu mkono huo: uanze kushusha sauti ikifika wapi, ushushe kwa kiasi gani, ushuke kwa kasi gani, na urudi kwa kasi gani.

Kiwango cha kuanzia ndicho kizingiti. Kiasi cha kushusha ni uwiano. Kasi ya kushuka ni ataki, na kasi ya kurudi ni rilizi. Kuna na cha tano, gaini ya fidia, cha kuinua sauti yote baada ya kubanwa, ambacho hakishughuliki na kubana hata kidogo, na nadhani ndicho kilichopotosha watu wengi kuliko vingine vyote. Tutakifikia.

Tutumie namba kidogo. Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli, na ndani ya kompyuta sifuri ndiyo dari, kwa hiyo namba zote unazoziona zina alama ya kutoa: kadiri namba inavyokaribia sifuri, ndivyo sauti ilivyo kubwa. Tofauti ya desibeli 6 ni wimbi lililokua mara mbili kwa kimo. Lakini sikio halifuati hesabu hiyo. Kwa watu wengi inahitajika tofauti ya kama desibeli 10 ndipo waseme sauti hii ni kubwa mara mbili ya ile.

Sasa chukua mistari mitatu ya mwimbaji mmoja. Aliopaza unafika -8. Wa kawaida unafika -16. Alionong'ona unafika -25. Kutoka juu hadi chini ni desibeli 17, umbali mkubwa sana kwa biti iliyotulia. Weka kizingiti kwenye -20 na uwiano wa 4 kwa 1. Uwiano huo unasema: kwa kila desibeli 4 zinazozidi kizingiti, ipite 1 tu. Mstari wa kupaza umezidi kizingiti kwa desibeli 12, zinapita 3, kwa hiyo unatoka kwenye -17. Umeshushwa desibeli 9. Wa kawaida umezidi kwa 4, inapita 1, unatoka kwenye -19. Umeshushwa 3. Ule wa mnong'ono haukufika kizingitini, kwa hiyo umepita kama ulivyo, -25.

Tazama kilichotokea. Hakuna hata mstari mmoja uliopandishwa. Miwili imeshushwa, mmoja umeachwa. Kompresa ya kawaida inashusha tu, basi. Ila sasa umbali wote, kutoka -17 hadi -25, ni desibeli 8. Vokali nzima imekuwa ndogo, lakini imekaa pamoja, na kitu kilichokaa pamoja unaweza kukiinua kwa pamoja bila kukata masikio ya mtu. Ongeza gaini ya fidia ya desibeli 6 na mistari yako itakuwa -11, -13 na -19. Wa kupaza bado ni mdogo kuliko ulivyoingia, wa mnong'ono umepanda kwa desibeli 6 kamili.

Ndiyo maana watu husema kompresa "inaongeza sauti". Inayoongeza ni fidia. Na hapa pana mtego ambao hata wazoefu huukwepa kwa nidhamu tu: sikio la binadamu hupenda kilicho kikubwa zaidi. Ukiwasha plagini (programu ndogo inayofanya kazi ndani ya programu ya kurekodi) ambayo imeongeza desibeli 3 kimyakimya, utaona sauti imekuwa nono, karibu, yenye ubora, hata kama plagini yenyewe imeiharibu. Programu nyingi huja na fidia ya kujiendesha ikiwa tayari imewashwa. Izime. Weka fidia kwa mkono wako mpaka sauti ikiwa na kompresa na sauti bila kompresa zisikike kwa ukubwa mmoja, halafu ndipo uwashe na kuzima ukilinganisha. Mara nyingine utagundua kwamba ulichokuwa unakipenda ni fanda iliyopanda tu.

Fidia ina bei yake pia. Inapoinua mnong'ono kwa desibeli 6, inainua na kila kilichokuwa chini ya mnong'ono: feni, mwangwi wa chumba, pumzi, midomo inavyobanduka kabla ya neno. Chumba kilichokuwa kwenye -60 sasa kiko kwenye -54. Ndiyo sababu watu waliorekodi kwenye chumba kitupu chenye kuta ngumu hushangaa kwamba "kompresa imeleta mwangwi". Mwangwi ulikuwepo. Kompresa imeshusha kilichokuwa kinaufunika.

Ataki na rilizi, penye utamu na uharibifu

Kizingiti na uwiano huamua umebana kiasi gani. Ataki na rilizi huamua umebana kitu gani, na kwa maoni yangu ndipo muda wa mtu anayejifunza unapotakiwa kwenda. Watu hutumia nusu saa kubishana kama 3 kwa 1 ni bora kuliko 4 kwa 1, tofauti ambayo wengi wao hawawezi kuisikia wakizibwa macho, huku ataki ikiwa pale ilipoachwa na mtengenezaji.

Kuna uzushi mmoja kuhusu ataki unaorudiwa sana, kwamba ni muda ambao kompresa "inasubiri" kabla ya kuanza kazi. Haisubiri. Sauti ikivuka kizingiti, mkono unaanza kushuka papo hapo. Ataki inaeleza unachukua muda gani kufika, na kwa vyombo vingi ni muda wa kufika sehemu kubwa ya safari, kama theluthi mbili hivi, si safari nzima. Rilizi ni hivyohivyo kwa kurudi. Watengenezaji hawajakubaliana hata namna ya kuupima muda huo, kwa hiyo milisekunde 10 (sehemu 10 za elfu za sekunde) za plagini hii si lazima zilingane na 10 za plagini ile. Namba zikupe pa kuanzia, mengine yaachie sikio.

Sikiliza neno moja kwa karibu: "nakupenda". Lina silabi nne, na kama ilivyo ada ya Kiswahili mkazo unaangukia ile ya pili kutoka mwisho. Mwimbaji akiliimba kwa hisia, "na-ku" zinapita haraka, "pe" inapanda juu kabisa, na "nda" inaanguka, mara nyingi pamoja na pumzi. Tuseme "pe" imefika -8 na "nda" -18, kizingiti chako kikiwa kwenye -15.

Ndani ya "pe" mna vitu viwili. Kuna mlipuko wa "p", midomo inapofunguka, ambao ni wa milisekunde chache tu. Halafu inakuja irabu, ambayo inaweza kudumu robo sekunde au zaidi. Ataki ikiwa fupi sana, tuseme nusu milisekunde, mkono unaukamata mlipuko wenyewe. Neno linapoteza ncha. Ukifanya hivyo kwa kila "p", "t" na "k" za wimbo mzima, mwimbaji anasikika kama anaimba nyuma ya blanketi, na utajaribu kumrudisha mbele kwa ekwalaiza, chombo cha kuongeza au kupunguza sauti nzito na nyembamba, bila mafanikio. Ataki ikiwa ndefu kidogo, milisekunde 10 hadi 30, sehemu kubwa ya mlipuko inapita kabla mkono haujashuka vya kutosha, na kinachobanwa ni irabu. Neno linabaki na ncha yake, tena ncha yenyewe inaonekana zaidi kwa sababu kilichoifuata kimeshushwa. Hapo ndipo watu husema sauti "imekuja mbele". Ukiirefusha mno, hadi ikaribie urefu wa silabi yenyewe, mkono unafika wakati silabi inaishia, na umebana karibu hewa.

Sasa rilizi. "Pe" imekwisha, mkono uko chini kwa desibeli kadhaa, na "nda" inaingia kwenye -18, chini ya kizingiti. Haikustahili kuguswa. Rilizi ikiwa milisekunde 50, mkono umekwisha kurudi juu mapema, "nda" inapita salama, na kwa kuwa "pe" ilishushwa, tofauti kati yao imepungua. Msikilizaji anasikia neno zima. Rilizi ikiwa sekunde moja, mkono bado uko chini "nda" inapopita. Silabi iliyokuwa ndogo imeshushwa tena pamoja na ile kubwa. Tofauti kati yao imebaki ileile, na silabi ya mwisho imezama kwenye biti zaidi ya ilivyokuwa.

Kwa hiyo rilizi ndiyo inayoamua kama kompresa itasawazisha silabi au itasawazisha sentensi. Fupi hushughulika na neno kwa ndani. Ndefu huliacha neno na umbo lake, hushughulika na mstari kwa mstari. Zote zina kazi. Rapa anayemwaga maneno kwa kasi huhitaji ile fupi, maana silabi inayopotea ni maana inayopotea. Mwimbaji wa taratibu mwenye kupandisha na kushusha kwa makusudi anaweza kuuawa nayo, kwa sababu kile kinachopanda na kushuka ndicho anachokiimba.

Fupi kupita kiasi ina matatizo yake. Kila mara mwimbaji anapovuta pumzi, mkono unarudi juu upesi na pumzi inainuliwa, hadi unasikia mtu anayekimbia. Kuna na jambo la kifizikia. Sauti nzito ya kiume yenye mtetemo wa hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, hukamilisha wimbi moja kwa milisekunde 10. Ataki na rilizi zote mbili zikiwa fupi kuliko wimbi moja, kompresa haifuati tena nguvu ya sauti, inalifuata wimbi lenyewe na kulipinda. Unachosikia ni mkwaruzo. Wapo wanaoutafuta kwa makusudi, na kwenye muziki mkali unapendeza. Tatizo ni pale unapotokea na hujui umetoka wapi.

Njia ya kujifunza kuvisikia vitufe hivi viwili ni kutia chumvi kupita kiasi. Weka uwiano 10 kwa 1, shusha kizingiti mpaka mita ya kompresa ioneshe desibeli 15 zinaondoka. Itasikika vibaya, na ndivyo inavyotakiwa. Sasa zungusha ataki kutoka fupi kwenda ndefu huku ukisikiliza konsonanti tu. Kisha rilizi, ukisikiliza miisho ya maneno na pumzi, na kuangalia kama sindano ya mita inarudi kwa mwendo unaolingana na wimbo. Ukipata mwendo mzuri, usiguse tena hivyo viwili. Rudisha uwiano kwenye 3 au 4, pandisha kizingiti mpaka ziondoke desibeli 3 hadi 6 kwenye sehemu kubwa. Kwa rap zinaweza kuwa nyingi zaidi.

Kwa nini mipangilio ya kupewa hukuangusha

Turudi kwa yule wa tatu na mipangilio yake. Kizingiti ni namba iliyotiwa pini mahali pake, haijui umerekodi kwa ukubwa gani. Mipangilio yenye kizingiti cha -20, ikikutana na vokali ambayo kilele chake ni -24, haifanyi lolote. Ikikutana na vokali yenye kilele cha -3, inaiponda. Aliyekutumia hakukudanganya, kwake inafanya kazi kwa sababu anarekodi kwa kiwango kilekile kila siku. Ukiamua kutumia ya mtu, sogeza kizingiti wewe mwenyewe ukitazama mita, usiiamini namba.

Kuna na vyombo ambavyo kizingiti chenyewe hakipo. Kompresa mbili zilizoigwa kuliko zote kwenye plagini za vokali ni LA-2A ya Teletronix, iliyobuniwa na Jim Lawrence mwanzoni mwa miaka ya 1960, na 1176 iliyobuniwa na Bill Putnam na kutoka mwaka 1967. Kompresa kama chombo zilikuwepo kabla ya hapo kwenye utangazaji wa redio, ambako kazi ilikuwa kumzuia mzungumzaji asiyejua kupima sauti yake asizidishe mtambo wa kurushia matangazo. Hizi mbili ndizo zilizoota mizizi kwenye studio za muziki, kila moja kwa tabia yake.

LA-2A ina vitufe viwili tu vya kuhangaika navyo: cha kubana na cha gaini. Ndani yake sauti huwasha kijibamba cha mwanga, na mbele ya kijibamba kuna kipande kinachobadili ukinzani wake kwa kuona mwanga. Sauti ikiwa kubwa, mwanga unazidi, mkono unashuka. Uzuri wake uko kwenye kurudi. Nusu ya kwanza ya safari inarudi haraka, kama milisekunde 60, nusu ya pili inajivuta, hata sekunde kadhaa, kutegemea ilibanwa kiasi gani na kwa muda gani. Hakuna kitufe cha kuweka hilo, ni tabia ya kipande chenyewe. Ndiyo maana inasikika ya upole kwenye kuimba.

1176 ni kinyume chake. Nayo haina kitufe cha kizingiti. Unasukuma sauti ndani kwa kitufe cha kuingilia, na kadiri unavyosukuma ndivyo inavyobana. Ataki yake ya haraka ni sehemu 20 za milioni za sekunde, na ya polepole kabisa haifiki hata milisekunde moja. Kwa hiyo ukisoma mahali "weka ataki milisekunde 20" na mbele yako umefungua mwigo wa 1176, ushauri huo hauwezekani. Kuna mtego mwingine tena: vitufe vyake vya ataki na rilizi vimeandikwa 1 hadi 7, na 7 ndiyo ya haraka zaidi. Anayedhani kapunguza kasi anakuwa kaiongeza.

Zoea la siku nyingi ni kuziunganisha. 1176 inatangulia na kukamata vile vilele vya ghafla tu, desibeli 2 au 3, kisha LA-2A inapokea sauti isiyo na mishtuko na kuisawazisha taratibu. Kompresa mbili zinazofanya kazi kidogo, kila moja kwa kasi yake, husikika kwa uchache kuliko moja iliyobebeshwa kazi yote. Huhitaji plagini za majina hayo ili kufanya hivyo. Kompresa ya bure iliyokuja na programu yako, ukiiweka mara mbili, ya kwanza ya haraka na ya pili ya polepole, inatosha kabisa.

Kazi ambayo kompresa haiwezi

Kompresa haina akili. Haijui kama desibeli 10 zilizozidi ni hisia za mwimbaji, au aligeuza kichwa, au ni "p" iliyoipiga maiki upepo. Inaona namba tu. Kwa hiyo kadiri unavyoipelekea takataka, ndivyo inavyozishughulikia takataka.

Chanzo kikubwa cha sauti kuyumba mara nyingi si hisia, ni miguu. Mwimbaji akitoka sentimita 10 mbele ya maiki kwenda sentimita 20, sauti inayoingia inapungua kwa takriban desibeli 6. Juu ya hapo, maiki nyingi za kuimbia hunenepesha sauti kadiri unavyozikaribia, kwa hiyo akirudi nyuma anapoteza ukubwa na uzito kwa pamoja. Kompresa inaweza kurudisha ukubwa. Uzito haiwezi. Kumwekea mwimbaji alama ya kusimama sakafuni kunashinda plagini ya bei yoyote.

Kinachofuata ni kazi ya mkono, na ndiyo inayochukiwa kwa sababu haina raha: kupitia vokali mstari kwa mstari kabla ya kompresa, ukipandisha gaini ya vipande vilivyozama na kushusha vilivyoruka. Si kila silabi, ni ile tu inayokushtua. Kata pia mngurumo wa chini kwa ekwalaiza, kwenye hezi 80 au 100 kwa sauti nyingi, kwa sababu upepo wa "p" na mitetemo ya sakafu ina nguvu kubwa huko chini na huifanya kompresa ishushe sauti yote kwa kitu ambacho msikilizaji hata hakisikii. Ukimaliza hayo, kompresa inabaki na kazi ndogo, na ikiwa na kazi ndogo haisikiki.

"S" na "sh" ni kesi yake. Hazina nguvu kubwa kama irabu, kwa hiyo mara nyingi hupenya chini ya kizingiti bila kuguswa, halafu fidia inakuja na kuziinua pamoja na vingine. Ukiona baada ya kubana kila "s" inakuchoma, sababu ni hiyo. Dawa yake ni diesa, ambayo ni kompresa inayosikiliza eneo la juu tu, kwa wengi kati ya hezi 5,000 na 8,000, na kushusha pale linapozidi. Ni chombo kilekile kilichozibwa sikio moja.

Halafu kuna imani kwamba ukibana zaidi wimbo utashindana kwa ukubwa na za wengine kwenye mitandao ya kusikilizia muziki. Zamani za sidii (CD) hoja hiyo ilikuwa na mantiki. Siku hizi huduma kubwa hupima wastani wa ukubwa wa wimbo na kuusogeza. Spotify, kwa mipangilio yake ya kawaida, hulenga karibu na -14 kwenye kipimo cha LUFS, ambacho hupima ukubwa kama sikio linavyousikia. Wimbo uliopondwa hadi ukafika -7 unashushwa tu. Unakaa sambamba na wa jirani aliyeacha nafasi, ila wa kwako umeshapoteza ncha zake na hazirudi.

Na je, kila vokali lazima ibanwe? Hapana. Sauti moja na gitaa moja, mwimbaji anayejua kucheza na maiki, mara nyingi fanda inayosogezwa kwa otomesheni, yaani na programu yenyewe kama ulivyoipangia, inatosha. Mahali ambapo kompresa moja hushindwa kabisa ni wimbo ambao ubeti umenong'onwa na kiitikio kimepigiwa kelele. Ukiweka kizingiti kinachofaa ubeti, kiitikio kinapondwa. Kinachofaa kiitikio, ubeti haufiki. Hapo usihangaike na vitufe. Kata vokali uiweke kwenye traki mbili, ubeti kwake na kiitikio kwake, kila moja na kompresa yake, ataki yake na rilizi yake, zote zielekee kwenye basi moja (njia ya pamoja ya traki hizo) ambako utaweka ya tatu ya kubana desibeli 1 au 2 ili zisikike zimetoka kinywa kimoja. Fanya hayo biti ikiwa inapiga, kwa sauti ya chini kiasi cha kuweza kuongea na mtu pembeni yako. Vokali ikiwa peke yake kwenye hedifoni, karibu kila mpangilio husikika unafaa.